Neno la Tatu la Kaunta

Kwenye duka la dobi yule hapakuwa na nguo iliyopokelewa kimyakimya. Mteja akifika na furushi lake, linafunguliwa palepale kaunta, nguo inatandazwa mbele yake, na madoa yanatajwa kwa sauti: haya mafuta, huu wino, na hili la kwapani usije ukasema tumeliweka sisi. Wapo waliochukia. Kuna bwana mmoja mwenye heshima zake aliwahi kukusanya shuka zake akatoka mbio, maana siku hiyo alikuwa ameongozana na mama mkwe. Lakini ndiyo sheria ya duka. Doa likitajwa mlangoni linaitwa la kuja nalo. Likionekana baadaye bila kutajwa, basi ni la hapa, na aliyelisababisha atajibu.

Sheria hiyo aliitunga mwenye duka. Watu walimwita Dobi tu, hata mama yake mzazi. Alikuwa mtu mwema na mchapakazi, ila akishika lake hang'oki, kupe ana nafuu. "Doa halina miguu," alipenda kusema. "Halitembei likaja lenyewe. Kuna mtu kalileta."

Nyuma, kwenye meza ya kunyooshea nguo, alikuwepo dada yake mkubwa, Dada Pasi. Jina hilo hakulipata kwa sababu ya kazi peke yake. Alikuwa mwepesi wa kupata moto, mzito wa kupoa, na ukimgusa vibaya unaondoka na alama. Mumewe alifariki zamani, mtoto wao akiwa bado ananyonya, na sasa mtoto mwenyewe ananyoa ndevu. Tangu hapo hakuna mwanamume aliyevuka kizingiti cha chumba chake. Hilo mtaa mzima ulilijua, na kama kuna ambaye hakulijua, Dada Pasi alimjulisha. "Kufuli langu mimi," alisema, "ufunguo umezikwa na marehemu."

Na kaunta ilikuwa ya mke wa Dobi. Huyo aliitwa Macho, kwa kuwa aliona doa ambalo hata aliyelivaa hakuliona. Angeinua shati kwenye mwanga, akaligeuza mara moja, akasema, "Chai, kwenye mkono wa kushoto," na kweli ni chai. Alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, na Dada Pasi alimwonea kwa miaka ya mwanzo kama wifi anavyotakiwa kumwonea wifi. Alimchunguza anakokwenda, anarudi saa ngapi, anacheka na nani. Hakupata kitu. Ilimuudhi sana.

Uadui wao uliisha kwa sababu ya koti jeupe la bwana harusi. Koti lilikuja safi, likafuliwa safi, na Dada Pasi alipolipitishia pasi tu, paa! Kifuani likatokeza baka la manjano saizi ya sahani. Mwenyewe akaja juu. Dobi naye akamgeukia dada yake: "Umeliunguza. Doa halina miguu." Dada Pasi alibaki ameshika pasi mkononi.

Macho akaliinua koti kwenye mwanga. "Nililipokea mimi," akasema. "Doa sikuliona, kwa hiyo siwezi kusema ni la kuja nalo. Wifi akinyoosha sikuwepo, kwa hiyo siwezi kusema ni la hapa. Sijui. Kwanza tulitoe." Akalichukua yeye mwenyewe, akaliloweka, akalisugua kwa vidole hadi likaisha. Baadaye ndipo fundi mwenzao wa mtaa wa pili akawaambia kwamba soda nyeupe ya kunywa ikikauka kwenye kitambaa haionekani, hata mwaka, mpaka ikutane na moto.

Tangu siku ile kaunta ikapata neno la tatu: la kuja nalo, la hapa, na sijui. Macho alilitumia. Dada Pasi alilitumia. Mdomoni mwa Dobi halikupita hata siku moja. Ungemuuliza njia ya mji asioujua, angekuonyesha kwa kidole.

Sasa basi. Binti wa Macho alirudi kutoka shule akishika bega, kachomwa sindano ya chanjo. Mama mtu akauliza ya nini. Akaambiwa ni ya kumkinga asije akapata saratani ya mlango wa kizazi ukubwani, inayoletwa na virusi vinavyoitwa HPV. Macho akafikiri kidogo, akamgeukia Dada Pasi. "Wifi, watoto wanakingwa. Sisi mama zao je?"

Zahanati ya jirani ilikuwa inapima wanawake. Dada Pasi alikuwa amesikia, na alikuwa amejifanya hakusikia. Kusema kweli aliogopa. "Tangulia wewe," akasema, akikandamiza ukosi wa shati ambao ulikwisha kunyooka. "Ukirudi mzima, nami nitakwenda."

Macho akaenda. Aliporudi wateja walikuwa wamekwisha, Dobi anapanga hanga. Akasimama mahali pake, nyuma ya kaunta, akalisema palepale, kama anavyosema madoa ya watu.

"Wamenipima. Ninavyo hivyo virusi. Nesi ameniangalia, ameona sehemu imeanza kubadilika kwenye mlango wa kizazi. Si saratani. Ila ikiachwa miaka, inaweza kuja kuwa. Alhamisi wanaichoma kwa joto, kazi ya muda mfupi tu, narudi nyumbani siku hiyohiyo. Baada ya hapo, baba watoto, utalala upande wako wiki kadhaa mpaka pakauke."

Dobi aliacha hanga. "Virusi hivyo mtu anavipataje?"

"Kwa kulala na mtu."

Ndoo ikasikika ikidondosha matone. Dada Pasi alimwona mdogo wake akivuta pumzi, akaijua sura ile. Ndiyo sura aliyoivaa siku ya koti.

"Mimi siumwi," Dobi akasema. "Sina kipele, sina washawasha, sina kitu. Sasa limetoka wapi? Doa halina miguu, mama watoto. La kuja nalo, au la hapa?"

"Mimi si shuka ya mteja," Macho akajibu.

"Nimekuuliza."

"Nami nimemuuliza nesi hilohilo kabla yako. Amesema karibu kila mtu aliyewahi kulala na mtu anavipata wakati fulani, mwanamume kwa mwanamke, na wengi mwili unavifukuza wenyewe bila wao kujua. Vingine vinakaa kimya miaka na miaka. Hakuna kipimo cha kusema vimeingia lini wala vimeletwa na nani. Njoo nami Alhamisi umuulize mwenyewe."

"Siendi kuuliza aibu yangu kwa watu." Akapiga kaunta kwa kiganja. "Na wewe ukienda kuchomwa, umekiri. Usirudi hapa. Pitiliza kwenu."

Mwee! Dada Pasi alisikia joto likimpanda kutoka kwenye nyayo. Lakini hakusema kitu, na hapo ndipo alipojichukia. Damu nzito kuliko maji, alijiambia. Wifi ni mtu wa kuja, mdogo wangu ni wangu. Akashika shati jingine, akalinyoosha, na machozi yakadondokea kwenye mkono wa shati yakachemka chini ya pasi.

Siku zilizofuata duka lilikuwa zito. Dobi aliongea na wateja, ila kwa mkewe alirusha vijineno vya kazi tu: sabuni, kamba, chenji. Macho aliendelea kupokea nguo, sauti yake ileile, tena akamtania mzee mmoja kwamba suruali yake imekunywa bia kumzidi mwenyewe. Dada Pasi alimtazama kwa nyuma. Mwanamke huyu anajikaza kisabuni, aliwaza, na mimi mwenye mdomo wa mtaa mzima nimeufyata.

Akaanza kupiga hesabu zake. Kumsaliti Dobi, Macho hakumsaliti. Nani anajua hilo kuliko yeye aliyempeleleza? Sasa kama si mke, ni mume. Na hapo akakumbuka: kabla ya kuoa, Dobi alifanya kazi mji mwingine, akakaa kinyumba na mwanamke mmoja mpaka mama yao akaenda kumchukua. Macho hakuwahi kuambiwa. Dada Pasi akacheka peke yake. Silaha hiyo!

Akamkuta wifi yake uani, anaanika mashuka. "Wifi, sikiliza. Ninalo jambo la kumnyamazisha huyu mwanamume mpaka kiyama. Kabla hajakuoa..."

"Usiniambie," Macho akasema, kibanio cha nguo kikiwa katikati ya meno.

"Hujui ninachotaka kusema!"

"Naona sura yako." Akakitoa kibanio. "Wifi, nami kabla yake nilikuwa na mchumba, wewe unamjua, alikuja mpaka kwenu akidhani ni kwetu. Labda ni kwa huyo. Labda ni kwa yule unayetaka kunitajia. Sijui, na nesi hajui. Nikimbandika mtu kitu nisichokiona, nitakuwa nimefanya kilekile alichonifanyia yeye. Sitafuti mwenye doa. Natafuta kutibiwa."

"Na akikufukuza?"

Macho alikunja uso, na kwa mara ya kwanza Dada Pasi akaona jinsi wifi yake alivyokuwa amekonda. "Nampenda ndugu yako," akasema. "Nikifikiria ile nyumba bila mimi, nakosa usingizi. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, wifi. Nina mtoto wa kumwona akiolewa." Akatikisa shuka kwa nguvu, maji yakamrukia Dada Pasi usoni, na wote wawili wakacheka, mmoja huku analia.

Dada Pasi alirudi kwenye meza yake ameduwaa. Yeye angeisema siri ile barabarani, kwa kipaza sauti. Mwanamke yule angeweza kushinda kesi kwa neno moja, akaliacha, kwa sababu tu hakuwa na hakika nalo. Watu wa namna hiyo huwa wanazaliwa wapi?

Alhamisi asubuhi Macho alivua aproni, akaitundika kwenye msumari wake. Dobi alikuwa anahesabu vifungo, hakuinua kichwa.

"Nakwenda," Macho akamwambia. "Nitarudi mchana. Nikikuta umefunga, nitagonga."

Akatoka. Dada Pasi alihesabu hatua zake mpaka zikapotea, kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya saa za kazi. Akachomoa pasi kwenye umeme.

"Dada, unakwenda wapi? Mashati ya watu hayo!"

"Nyoosha mwenyewe," akasema. "Una mikono."

Alimfikia Macho mlangoni pa zahanati. Nesi alikuwa dada mmoja wa makamo mwenye miwani na kicheko cha karibu. Alimpokea Macho kama mgeni aliyekuwa akingojewa, akamweleza tena watakachofanya. "Ni kifaa kidogo cha joto," akasema. "Tunagusisha pale palipobadilika, basi."

"Kumbe na huku mnapiga pasi!" Dada Pasi akaropoka, na nesi akacheka hadi akavua miwani.

Macho alipokuwa akingojea zamu, nesi akamwuliza Dada Pasi kama yeye amewahi kupima. "Mimi sina haja," akajibu, kidevu juu. "Mimi mjane." Akamwona Macho akimtazama. Dada Pasi akakumbuka nani alimtuma nani mbele. "Lete hicho kibrashi chenu cha kupimia," akasema.

Akaingia nyuma ya pazia, akafanya mwenyewe kama alivyoelekezwa, akatoka akishangaa kuwa jambo lenyewe ndilo hilo tu. Mashine ya kupimia ikachukua muda wake. Macho akaingia kutibiwa, na Dada Pasi akaitwa chumba cha pili, mlango ukafungwa.

"Mama, tumekuta virusi," nesi akasema kwa upole.

"Vya nani?"

"Vyako."

Ala! Dada Pasi alisimama. Akamwambia nesi amechanganya vibrashi. Akamwambia mashine ni mbovu. Akamtajia marehemu, kufuli, ufunguo, na mtoto mwenye ndevu. Nesi akamwacha amalize, kisha akamwambia, "Nakuamini. Kila neno. Ndivyo virusi hivi vinavyofanya. Vinaingia, vinalala, hutavisikia. Huenda vilikuwemo tangu enzi za marehemu. Alikupa yeye, au ulimpa wewe, hapana ajuaye. Si uchafu na si umalaya, mama. Ni kitu kinachowapata watu."

Dada Pasi akakaa. "Soda nyeupe," akasema polepole.

"Nini?"

"Hamna. Endelea."

Nesi akamwangalia kwa mwanga, akapaka siki kidogo ili palipobadilika paonekane, akasema hapajabadilika kitu, leo hachomwi, ila apangiwe siku ya kurudi na asiikose. "Na haya ni yako," akaongeza. "Hatumwambii mtu."

Walipokutana kwenye benchi, Macho alikuwa ameshika tumbo kidogo, uso umechoka ila umetulia. Dada Pasi akamnong'oneza. Alitegemea wifi yake aruke kwa furaha, maana ushahidi gani tena zaidi ya huo? Macho akamshika mkono.

"Pole, wifi. Hiyo ni yako. Nyamaza nayo ukitaka. Sikuombi uniokolee ndoa kwa aibu yako."

Wakarudi pole pole, wakishikana mikono barabarani. Dada Pasi alifikiria jina lake mtaani, wanawake waliokuwa wakimwona wakashusha sauti kwa heshima. Alifikiria mdogo wake, aliyemlea mgongoni, akimtazama kwa jicho jingine. Akafikiria pia jinsi Macho alivyoliinua koti lile jeupe kwenye mwanga, wakati hakuna aliyemtuma.

Duka halikuwa limefungwa. Lakini juu ya kaunta, mahali pa nguo za wateja, palikuwa na sanduku la Macho, limefungwa mkanda. Dobi alisimama nyuma yake, macho mekundu.

"Mzigo wako," akasema.

Macho akashika ukingo wa kaunta. Dada Pasi akapita mbele yake. Akalisukuma sanduku pembeni, akaweka viganja vyote viwili pale juu, kama mteja.

"Nipokee mimi kwanza," akasema.

"Dada, haya hayakuhusu."

"Nipokee! Hapa kitu hakipiti bila kutajwa doa, si ndiyo sheria yako? Haya, najitaja. Nimepima leo. Nina virusi vilevile alivyo navyo mkeo." Sauti ilimkatika, akaivuta tena. "Mimi. Dada yako. Unajua mume wangu yuko wapi, ulibeba jeneza lake. Unajua nani ameingia chumbani mwangu tangu hapo. Haya, wewe unayejua kila doa. La kuja nalo, au la hapa? Kaleta nani? Sema, nikamfukue!"

Dobi alimtazama dada yake tangu kichwani hadi kwenye viatu, akamtazama mkewe aliyeshika kaunta, akalitazama sanduku. Paji la uso lilimtoka jasho. Dada Pasi hakumpunguzia. Alingoja.

"Sijui," Dobi akasema.

Ilitoka kama mfupa kooni. Akaketi kwenye kiti cha kaunta, akafunika uso. "Sijui, dada. Sijui."

"Nesi naye hajui," Macho akasema. "Hatutajua. Ila nimeshatibiwa."

Akalivuta sanduku, akafungua mkanda. Pengine alitaka kuona alichofungiwa, pengine mikono ilitaka kazi tu. Ndani nguo zake zilikuwa zimekunjwa vizuri, moja juu ya moja, nazo zilikuwa zimenyooshwa. Dobi alikuwa amezinyoosha mwenyewe, gauni kwa gauni, asubuhi nzima, mashati ya wateja yamelala vilevile kikapuni. Mtu anamfukuza mke kisha anampigia pasi! Dada Pasi alitaka kumtukana, akashindwa.

Macho alitoa blauzi ya juu, ile ya kitambaa laini aliyoipenda. Mgongoni palikuwa na alama ya pasi, kahawia, kamili na ncha yake. Akaiinua kwenye mwanga. Akaigeuza mara moja.

"Hili," akasema, "ni la hapa."

Dobi akainua uso, akaliona. Machozi yalikuwa yanamshuka bila kuyafuta.

"Ni langu hilo," akasema. "Hilo ni langu."

Macho akaikunja blauzi, akaiweka juu ya kaunta baina yao. Hakusema amesamehe, na Dada Pasi akamheshimu kwa hilo pia. Alizunguka tu, akamgusa mumewe bega ili apishe kiti chake, akakaa taratibu kama alivyoshauriwa na nesi.

"Niletee maji ya kunywa," akasema. "Halafu Jumatatu unakwenda na mimi kwa nesi, ukamuulize maswali yako mwenyewe."

Dobi akaenda kuleta maji. Dada Pasi akachomeka pasi.